Ametangulia

Jumanne, 1 Juni 1993

Daftari hili ni la stesheni. Kila ukurasa una safu mbili, KUWASILI na KUONDOKA, na kwa miaka kumi na tisa nilijaza madaftari kama haya saa za treni. Nilipopunguzwa kazini mwezi wa nne, mkuu wa stesheni alinipa moja ambalo halijaanzwa, pamoja na bendera zangu mbili, nyekundu na ya kijani. Alisema zingetupwa tu. Mkono wangu bado unataka kuandika kila jioni, nami nauachia. Leo hakuna aliyewasili, hakuna aliyeondoka.

Alhamisi, 3 Juni

Baridi. Nimesonga ugali mwingi tena. Bado nateleka maji ya watu wawili.

Jumamosi, 5 Juni

Mwalimu Raheli alikuja asubuhi. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, baba Letisia," nami nikachelewa kuitika. Wengine wote hapa Magomeni ya Kilosa wananiita mzee Anselmi siku hizi, kana kwamba jina lile lilizikwa pamoja na mtoto.

Ana timu ya wasichana. Ni ule mchezo wa softiboli aliouleta dada mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyefundisha hisabati hapa Kilosa miaka miwili akaondoka, akaacha magongo, glovu na kitabu cha sheria. Watu wanauita rede ya gongo. Letisia aliucheza. Hakuna aliyekimbia kama yeye, wala hakuna aliyevunja sheria kama yeye. Mkimbiaji anatakiwa abaki ameshika kituo mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Letisia hakuweza kusubiri. Siku moja yule dada alimtoa mara nne katika mchezo mmoja, na mara zote nne alirudi benchi akicheka, ameshika sketi.

"Nahitaji macho yako," akasema Mwalimu. "Tutacheza na Mikumi. Wao watatoa mwamuzi wa nyuma ya mpigaji. Sisi tutoe wa vituo."

"Mimi sijui mchezo."

"Ulikuwa unatazama bendera ya gadi kule nyuma ya treni na magurudumu kwa wakati mmoja, treni isiondoke kabla ya ishara. Ni hivyo hivyo. Tazama mkono na mguu. Mguu ukiondoka kwanza, piga kelele: Ametangulia! Mpira unakufa hapo hapo, na mkimbiaji ametoka."

Nikamwambia sitaweza kusema neno hilo.

Alifikiri ni aibu. Si aibu. Letisia alishikwa na homa mwezi wa tatu, siku tatu tu, na siku ya nne walikuja watu wa mtaa mzima kunishika mkono, na kila mmoja aliniambia, "Ametangulia tu, baba. Sote tuko njia hiyo." Mpaka jioni mkono ulikuwa umevimba.

"Basi tumia bendera," akasema Mwalimu Raheli.

Jumamosi, 12 Juni

Mchezo wa kwanza, uwanja wa reli. Vituo ni magunia ya katani yaliyojazwa mchanga. Nilisimama karibu na kituo cha pili na bendera nyekundu nyuma ya mgongo. Upande wetu yupo msichana mmoja, Oliver, wa familia ya Wasukuma waliokuja na ng'ombe miaka michache iliyopita wakakaa Kisanga. Anaishi kwa shangazi yake hapa mjini. Anacheza peku. Mrushaji wa Mikumi, Winnie, alizungusha mkono, nikamtazama, nikageuza shingo, nikaona mguu wa Oliver uko hewani. Nikapandisha bendera.

Oliver alitazama bendera, akatazama gunia, akaenda kukaa. Hakusema kitu. Joha ndiye aliyesema. Joha ni mrushaji wetu, binti wa kota za reli, ana sauti ya kuuzia samaki.

"We Msukuma! Umezoea kukimbiza, hujazoea kukimbia!"

"Mwacheni," akasema mwingine, "anasikilizia ng'ombe wake Kisanga."

Tulifungwa. Wakati wa maji walinywa wote kwenye kopo, lilipofika kwa Oliver, Joha akalimwaga chini, akasema lilikuwa na vumbi.

Amos alikuwa pembeni na rundo lake la mitumba. Tulipunguzwa kazini siku moja, yeye na mimi. "Bwana Bendera!" akaita. "Treni wamekunyang'anya, sasa unasimamisha wasichana?" Watu wakacheka sana. Nami nilitabasamu, sijui kwa nini.

Jumapili, 13 Juni

Letisia alikuwa analala mguu mmoja nje ya blanketi. Hata wakati wa baridi.

Jumanne, 15 Juni

Sina hakika na Jumamosi. Nimeufikiria ule mguu siku tatu.

Jumanne, 29 Juni

Leo naandika kirefu.

Nilikwenda stesheni kukaa kwenye benchi la abiria, kama mtu yeyote. Gari moshi la mizigo lilikuwa linajiandaa. Kwa mazoea nikasimama pale nilipokuwa nasimama zamani, kwenye ule ufa wa sakafu, na hapo ndipo nilipoelewa. Ule ufa sikuuchagua kwa bahati. Ukisimama pale, bendera ya gadi na gurudumu la kwanza vinaingia katika mtazamo mmoja, kimoja nyuma ya kingine, na shingo haigeuki. Miaka kumi na tisa sikuwahi kutazama bendera kisha gurudumu. Nilivitazama pamoja.

Uwanjani niligeuza shingo. Niliona mkono unaachia, nikageuka, na katika kugeuka huko mguu ulipata muda wa kuondoka kihalali. Nilichokiona kilikuwa mguu wa baadaye. Oliver hakuwa na kosa.

Nikaenda uwanjani peke yangu, nikachomeka fimbo moja alipo mrushaji na nyingine kituoni, nikazunguka nikitafuta ufa wangu. Kwa kituo cha kwanza ni nje ya mstari, hatua kumi nyuma ya gunia. Cha pili ni kwa pembeni, kulia. Cha tatu ni kigumu, maana jua la saa kumi linakuwa machoni. Inabidi kurudi mpaka kwenye nyasi. Macho yanakaa kwenye mguu. Mkono unaachiwa uje wenyewe pembeni mwa jicho. Ukiufuata mkono, umechelewa.

Jioni nilimwomba Mwalimu Raheli alete wasichana wawili wanijaribu. Nikaona jambo jingine. Kisigino huinuka kwanza, kisha kidole ndicho huondoka. Aliyeinua kisigino bado hajaondoka. Nimeandika kwenye jalada la daftari ili nisisahau: Kisigino ni onyo. Kidole ndicho hukumu.

Jumamosi, 10 Julai

Tulikwenda Mikumi kwa lori. Nilisimama penye ufa. Nilipandisha bendera mara tatu, na mara zote tatu msichana mwenyewe alikwenda kukaa bila kubisha. Winnie alinipita akasema, "Mzee huyu ana macho ya mwewe." Tulishinda.

Baada ya mchezo alikuja Bwana Gabrieli. Ile hoteli iliyokuwa ya serikali sasa ni yake. Siku hizi ruksa, kila kitu kinapata mwenyewe. Amevaa miwani myeusi na anazungumza akitazama juu ya vichwa vya watu. Akasema atahitaji wasichana tisa, wa kupokea wageni, wa vyumba, wa mezani, watakaolala pale pale hotelini.

"Wahaya wanataka niwachukue ndugu zao, Wachaga wanataka niwachukue ndugu zao," akasema. "Mimi sitaki kelele. Tarehe kumi na moja mwezi wa tisa, hapa hapa, Mikumi na Kilosa. Watakaoshinda, wote tisa nawachukua. Watakaoshindwa wakalime."

Lorini njia nzima wasichana walihesabiana kwa vidole. Hata Joha.

Jumatano, 14 Julai

Nilimwita Oliver. Alikuja, akapiga goti kidogo mlangoni kama wanavyofunzwa kwao. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Nina kosa kwako." Nikamweleza habari ya shingo.

"Nilijua, baba."

"Mbona hukusema?"

"Nani angesikia? Ningesema, ningekuwa Msukuma mbishi. Nilinyamaza, nikawa Msukuma mjinga. Mjinga hapigwi."

Kisha akaniambia lake. Kuna mtu wa Usangu, mtu mzima, mwenye wake wawili, ambaye ng'ombe wake wa mahari baba yake Oliver amekwisha kuwaona na kuwakubali. Oliver alimwomba baba yake msimu mmoja. Akipata kazi kabla mifugo haijahama kwenda Usangu, abaki. Asipopata, ahame nayo.

"Baba yangu si mbaya," akasema. "Alisema msimu mmoja, na kweli ameniachia."

Nilimpa raba za Letisia. Zilikuwa chini ya kitanda, kamba zimefungwa vile vile alivyozifunga. Ni kubwa kwake. Alizijaza vipande vya kitenge visiginoni, akatembea ukumbini, akacheka. Nikatoka nje kidogo nikatazame kuku.

Jumapili, 18 Julai

Nimemfundisha Oliver kusubiri. Asisikilize watu, asimtazame mpigaji. Atazame nyonga ya mrushaji, nyonga ikifika mbele mkono unaachia. Anajifunza upesi. Nilimwambia Letisia hakuweza kujifunza hili. "Labda hakutaka, baba," akasema.

Jumamosi, 24 Julai

Mchezo hapa Kilosa, sare. Mzee Obed, baba yake Oliver, alikuja kutazama, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. "Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, taratibu.

"Mchezo huu kazi yake nini?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo anayekimbia sana ndiye anayeadhibiwa."

"Anayekimbia mapema, mzee."

Akafikiri. "Ng'ombe anayetoka zizini mapema ndiye anayeliwa na simba. Sheria nzuri." Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikumfungia mtoto. Nilimpa msimu. Lakini nyasi za Kisanga hazijui msimu wake."

Alidhani mimi ni mwalimu. Sikumsahihisha.

Jumatatu, 2 Agosti

Vumbi. Moto wa nyika upande wa mashamba ya mkonge, majivu yanaingia mpaka kwenye chungu.

Alhamisi, 12 Agosti

Kikohozi. Nimelala.

Jumamosi, 14 Agosti

Mikumi wameshinda kwao. Wasichana wetu wamerudi wakigombana. Joha alimvuta Oliver nywele lorini, akisema Oliver anasubiri mno kituoni mpaka mpira unafika kabla yake. "Unangoja nini, posa? Posa si unayo tayari!" Kwa hiyo wanajua.

Jumanne, 24 Agosti

Moto tena. Usiku mlima wote una mkufu.

Nilidhani Joha ni mtoto mbaya. Leo nilimkuta kisimani na ndoo nne. Baba yake alipunguzwa pamoja nasi, na tangu siku ile hajatoka ndani ya kota. Amelala akitazama ukuta, na wameambiwa kota ziachwe kufikia mwezi wa kumi. Nilimsaidia ndoo moja. "Usinionee huruma, mzee," akasema. "Nionee huruma kituoni." 

Jumapili, 5 Septemba

Nilijaribu kusema lile neno kwa sauti, nyumbani, peke yangu. Halikutoka.

Ijumaa, 10 Septemba

Tumelala Mikumi, kwenye darasa. Jioni Oliver alikuja na raba mkononi. Wenzake walizijaza mavi ya ng'ombe. "Tumemwekea harufu ya kwao," wakasema. Alikuwa amezifua mchana, zikakauka juani, lakini vile vitenge vya visiginoni alivitupa, vilikuwa havifai.

"Nitacheza peku, baba. Nimezoea."

Nikamkataza. Uwanja wa Mikumi una mbigiri, nimeuona mwenyewe. Nikamwambia, "Vaa hivyo hivyo. Kaza kamba." Alisita. Nikasema tena, kwa upole, kama ninavyosema kila kitu. Akasema, "Sawa, baba."

Jumamosi, 11 Septemba

Ni saa tatu usiku, tumerudi. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Watu walijaa mpaka barabarani. Kabla hatujaanza, Bwana Gabrieli aliniona na bendera. "Hii si stesheni, mzee. Acha kitambaa. Sema kwa mdomo watu wasikie." Akaichukua, akampa dereva wake, na dereva akafutia kioo cha gari.

Nilisimama kwenye ufa wangu, mchezo wote. Mara mbili niliona kosa la upande wa Mikumi, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikapunga mikono tu, na mwamuzi wao wa nyuma akasema hakuona kitu, mchezo ukaendelea. Watu wa Kilosa wakaanza kunizomea. "Bubu! Bubu!" Amos alikuja na lori letu, nilimsikia juu ya wote: "Mrudishieni kitambaa chake asije akalia!"

Ilifika zamu ya mwisho, yetu. Sita kwa sita. Wawili wetu wamekwisha kutoka, wa tatu akitoka zamu imekwisha. Oliver alikuwa kituo cha tatu, raba imekanyaga gunia. Joha ameshika gongo. Oliver akifika nyumbani, pale anaposimama mpigaji, tumeshinda, wasichana tisa wamepata kazi. Alikuwa ameinama, anatazama nyonga ya Winnie kama nilivyomfundisha.  Jua lilikuwa machoni, nikarudi mpaka kwenye nyasi.

Winnie akazungusha mkono. Macho yangu yalikuwa mguuni. Nikaona kisigino cha Oliver, chekundu kwa vumbi, kimeruka juu, chote, kimeondoka, na mkono bado uko nyuma na mpira umo ndani yake. Niliona mguu wa Letisia. Nasema kweli, niliuona, ukiwa nje ya blanketi. Na neno likatoka. Lilitoka kifuani, sijawahi kupiga kelele vile, hata treni ingesimama.

"Ametangulia!"

Joha alikwisha kupiga. Mpira ulivuka vichwa vya wote ukaenda kwenye miti. Oliver alifika nyumbani, wenzake wakamrukia, Joha mwenyewe akamkumbatia, akambusu paji la uso. Nikasema tena, "Ametangulia. Mpira umekufa." Mwamuzi wa Mikumi akapandisha mkono upesi sana.

Niliwaona wakimwachia mmoja mmoja.

Oliver alinitazama kutoka mbali. "Hapana, baba," akasema. Hii ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akibisha. Nikatikisa kichwa. Niliona kwa macho yangu.

Tuliongeza zamu, Mikumi wakapata mbili, sisi hatukupata kitu. Bwana Gabrieli akawapanga wale tisa mbele ya gari akawahesabu kwa kidole, Winnie wa kwanza.

Kwenye lori watu walinirushia maganda ya miwa. Amos akasema, "Wa kwake alimwacha akafa, sasa anamalizia wa wenzake." Kulikuwa na kicheko, halafu hakikuendelea. Joha alikuwa amekaa sakafuni na kichwa cha Oliver mapajani pake, yeye aliyemvuta nywele mwezi uliopita, anamfunika na khanga. Nilipotaka kuwasogelea akasema, "Usimguse. Huyu ni wetu."

Lakini nitaandika ukweli kwenye daftari hili, maana hakuna anayelisoma. Neno limetoka. Tangu mwezi wa tatu limekaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo limetoka. Nimekula. Nadhani nitalala.

Jumapili, 12 Septemba

Nililala mpaka jua likatoka. Kanisani benchi langu lilikuwa na mimi peke yangu. Niliweza kumwombea Letisia mpaka mwisho. Niliona kweli na nikasema kweli. Wataelewa.

Jumanne, 14 Septemba

Oliver amekuja kurudisha raba. Alizifua tena, zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikuwa na njia. Mguu uliondoka."

"Mguu, ndiyo." Akaweka raba moja kwenye kizingiti cha mlango, akaingiza mguu, akainama kama pale kituoni. "Tazama, baba."

Akainua kisigino. Kilitoka chote ndani ya kiatu, kisigino chekundu, hewani. Raba haikusogea. Mbele ya raba ilikuwa imelala kwenye kizingiti kama imegundishwa, na vidole vyake vimo ndani.

Akarudia mara ya pili, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Ningekuwa peku ungeona kidole," akasema.

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Ningependa kungekuwa na ubaya. Nikamuuliza kama alikwisha kumwambia mtu. "Nimwambie nani? Baba anakuja kunichukua kesho." Akatoa mguu, akaziweka raba mbili sambamba ukutani, pale pale Letisia alipokuwa akiziweka, ingawa hakuna aliyemwonyesha.

Kwenye jalada la daftari hili yapo maneno niliyoyaandika mwenyewe tarehe ishirini na tisa Juni. Nimeyasoma. Yameandikwa kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 15 Septemba

Sikula.

Jumatatu, 20 Septemba

Nilipata lori alfajiri nikaenda Mikumi. Nilingoja nje ya hoteli mpaka saa tano. Winnie alipita na mashuka mikononi, amevaa gauni la bluu, akanisalimu vizuri. Yeye hana kosa.

Bwana Gabrieli alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimweleza kisigino, kidole, raba, mbigiri. Nikamwambia mimi ndiye niliyekosa, msichana alikuwa kituoni, mchezo ulikuwa wa Kilosa.

"Ungeniambia Jumamosi ile," akasema, "ningekuita mpumbavu. Leo nikuite nani?"

"Niite hivyo hivyo, bwana. Mchukue yule mmoja tu. Ni mchapakazi."

"Mzee, mimi nilisema watakaoshinda. Nikianza kusikiliza visigino nitafunga hoteli." Akacheka, akanigusa bega. "Lakini wewe nimekupenda. Umewakata watu wako mwenyewe, mbele ya watu wako. Ninahitaji mtu getini, wa kuona mguu kabla haujavuka. Anza mwezi ujao. Bendera yako ipo kwenye gari."

"Mpe yeye hiyo kazi."

"Yeye alitangulia," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema."

Sikuitaka kazi, wala bendera sikuidai. Niliondoka kwa miguu kufuata njia ya tawi la reli, pale barabara inapokatiza. Huko ndiko nilikowakuta. Mifugo ya Mzee Obed ilikuwa inatoka Kisanga kwenda Usangu, vumbi limesimama mpaka juu ya miti. Ng'ombe wengi walikwisha kuvuka reli pamoja naye. Oliver alikuwa wa mwisho, upande wangu, peku, na kibuyu mgongoni na ndama wawili wachovu mbele yake. Gari la mizigo lilikuwa linakuja.

Hakuniona. Ng'ambo kuna mtu, sikumjua, alikuwa anampungia fimbo na kumpigia kelele avuke upesi, avuke sasa, gari bado liko mbali. Kweli lilikuwa bado mbali, angeweza. Oliver akashika shingo za wale ndama. Akaweka vidole vya mguu wa kulia sawasawa na ukingo wa kokoto, akainama kidogo, akatazama.

Sikuwa na bendera. Nilisimama tu, na bila kukusudia nikawa nimesimama mahali ambapo gurudumu na mguu vinaonekana pamoja.

Mabehewa yalipita moja moja. Yule mtu ng'ambo aliendelea kupiga kelele, na gari likazimeza. Kisigino cha Oliver kiliinuka mara moja, kikarudi chini. Behewa la mwisho likapita, na gadi kibarazani pake, kijana nisiyemfahamu. Ndipo kidole kikaondoka kwenye kokoto, akavuka.

Nimeandika kwenye safu ya KUONDOKA: Oliver binti Obed, saa saba na dakika ishirini. Hakutangulia.